Sourpuss

Sourpuss (hutamkwa takriban "saua-pus") ni neno la mitaani la Kiingereza linalotumika kumtaja mtu mwenye tabia ya kununa, asiyechangamka na anayeonekana kuchukizwa na kila jambo. Neno hili lilizaliwa Marekani, na katika kamusi maandishi yake ya kwanza huwekwa katika miaka ya 1930, mara nyingi mwaka 1937. Kutoka huko lilienea hadi Uingereza na nchi nyingine zinazozungumza Kiingereza.

Watu wengi, wakiwemo wenye Kiingereza kama lugha mama, hudhani kwamba sehemu ya pili ya neno hili ni "puss" yenye maana ya paka, na kwamba maana yake kamili ni "paka mchachu". Sivyo. "Puss" hii ni neno lingine kabisa, lenye maana ya uso au mdomo, lililotoka katika Kieire, yaani lugha ya asili ya kisiwa cha Eire. Kwa hiyo sourpuss ni "uso mchachu".

Muundo wa neno

Sourpuss ni nomino ambatani yenye sehemu mbili:

- sour, kivumishi chenye maana ya -chachu au -kali, kama ladha ya ndimu, ukwaju au maziwa yaliyoganda;
- puss, nomino ya mitaani yenye maana ya uso, hasa mdomo na sehemu zinazouzunguka.

Maneno haya mawili yakiunganishwa hayataji uso tena, bali mtu mwenye uso huo. Njia hii ya kuunda maneno, ambapo sehemu moja ya mwili humwakilisha mtu mzima, inajulikana vizuri katika Kiswahili pia. Domokaya si mdomo, ni mtu asiyeweza kuzuia maneno yake. Kichwamaji si kichwa chenye maji, ni mtu asiyefikiri sawasawa. Mwenye mkono wa birika ni bahili. Msomaji anayeyafahamu maneno haya atakuwa ameshaelewa jinsi sourpuss lilivyojengwa.

Wingi wake ni sourpusses. Neno hutumika kwa wanaume, wanawake na watoto bila kubadilika.

Asili ya "sour"

Sehemu ya kwanza ni neno la kale. Lilikuwemo katika Kiingereza cha Kale kwa umbo la sūr, na lina ndugu katika lugha nyingine za Kijerumaniki, kama vile sauer ya Kijerumani na zuur ya Kiholanzi. Matumizi yake kwa tabia ya mtu nayo si mapya. Tangu zama za Kiingereza cha Kati mtu mwenye hasira za ndani au asiye na furaha aliweza kuitwa "sour".

Sababu ya kuunganisha ladha hii na huzuni si ngumu kuiona. Mtu aking'ata ndimu, midomo hujikunja, mashavu huvutwa, macho hufinywa na paji la uso hukunjamana. Hata mtoto mchanga ambaye hajafundishwa lolote hufanya hivyo anapowekewa kitu kichachu ulimini. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alieleza kwa kirefu jinsi huzuni inavyozishusha pembe za mdomo na kuzipandisha ncha za ndani za nyusi. Basi uso wa mwenye huzuni na uso wa aliyeng'ata ndimu hufanana kiasi kwamba jina la mmoja liliweza kuhamia kwa mwingine.

Kiswahili kimechukua njia yake. Ladha ya ndimu na ya embe bichi tunaiita ukali, na neno hilohilo tunampa mtu mwenye hasira: embe kali, mwalimu mkali. Ladha ya shubiri tunaiita uchungu, na neno hilo tunalitumia kwa maumivu ya mwili na ya moyo: dawa chungu, uchungu wa kufiwa. Kwa hiyo kinywani mwa Mwingereza uchachu huzaa manung'uniko, ilhali kinywani mwa Mswahili ukali huzaa hasira na uchungu huzaa majonzi. Ndiyo maana kulitafsiri sourpuss neno kwa neno kuwa "mtu mkali" ni kosa: mkali hugomba, lakini sourpuss anaweza kukaa kimya siku nzima.

Asili ya "puss"

Katika Kieire neno pus (matamshi yake ni karibu na "pus" kama Mswahili anavyolisoma) lina maana ya mdomo, hasa midomo iliyochomozwa mbele. Kutokana na maana hiyo ya kimwili ikatokea maana nyingine: sura ya mtu aliyenuna. Mzungumzaji wa Kieire husema "tá pus air", ambayo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "kuna mdomo uliochomoza juu yake", yaani amenuna. Katika Kieire hisia huwa "juu" ya mtu: "tá brón orm" ni "kuna huzuni juu yangu". Kiswahili nacho huifanya huzuni kuwa kitu kinachomjia mtu kutoka nje, tunaposema kwamba mtu ameshikwa na huzuni au ameingiwa na simanzi. Na kuhusu mdomo, tunakutana kabisa na Waeire: aliyenuna huambiwa kwamba amevuta mdomo.

Jambo hili ni muhimu kwa historia ya neno lenyewe. Linaonyesha kwamba hali ya kununa ilikuwemo ndani ya "puss" hata kabla ya kuongezewa "sour". Mpaka leo katika Kiingereza kinachozungumzwa Eire, kusema kwamba mtu ana "puss" usoni ni kusema kwamba amenuna, bila kuhitaji kivumishi chochote. Wamarekani ambao hawakujua Kieire walilipokea neno kwa maana pana zaidi ya "uso" tu, ndipo wakahitaji kuongeza neno la kueleza ni uso wa namna gani.

Safari ya kwenda Marekani

Kati ya mwaka 1845 na 1852 Eire ilipatwa na njaa kubwa baada ya ugonjwa wa mimea kuharibu viazi, chakula kikuu cha maskini. Takriban watu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama. Wengi wao walivuka bahari ya Atlantiki na kuteremka New York, Boston na miji mingine ya Marekani, ambako walifanya kazi za bandarini, za kuchimba mifereji, za kujenga reli na za utumishi wa nyumbani. Sehemu kubwa ya wahamiaji hao ilitoka magharibi na kusini mwa kisiwa, mahali ambapo Kieire kilikuwa bado lugha ya kila siku.

Watoto wao walikua wakizungumza Kiingereza, lakini baadhi ya maneno ya nyumbani yalibaki, hasa yale ya kukaripia, ya kutania na ya kutaja mwili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wahamiaji popote: lugha ya babu hupotea kwanza shuleni na sokoni, na hupotea mwisho kabisa mahali ambapo mama humwambia mtoto aache kununa.

Mlango mmoja ambao neno "puss" lilipitia hadi kufika kwa umma wote ni mchezo wa ngumi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vijana wa asili ya Eire walikuwa wengi katika ulingo. John L. Sullivan, aliyezaliwa Boston mwaka 1858 kwa wazazi kutoka Eire, alikuwa bingwa wa uzito wa juu kuanzia mwaka 1882 hadi aliposhindwa na James J. Corbett mwaka 1892. Corbett naye alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Eire. Katika misimu ya ngumi "puss" lilikuwa mahali pa kupigwa: mdomo, kisha uso wote. Maandishi ya Kiingereza cha Marekani yenye neno hili kwa maana ya uso huanza kuonekana katika miaka ya 1880 na 1890.

Kufikia miaka ya 1930 "puss" lilikuwa limezoeleka kiasi cha kuzaa ambatani kadhaa. Mbali na sourpuss palikuwa na picklepuss, yaani uso wa achari, lenye maana ileile. Muda mfupi baadaye likaja glamour puss, yaani mwenye sura ya kuvutia. Nyingi kati ya hizo zimefifia. Sourpuss limedumu.

Katika filamu

Filamu za Hollywood zilisaidia kulieneza neno. Mwaka 1941 mwongozaji Frank Capra alitoa filamu ya Meet John Doe, yenye waigizaji Gary Cooper na Barbara Stanwyck. Ndani yake yumo mzee mmoja ambaye majirani humwita Sourpuss, kwa kuwa hawasalimii wala hawaitikii. Baada ya kusikia hotuba redioni iliyowahimiza watu wafahamiane na majirani zao, jirani yake mmoja anajipa moyo na kumsalimia kwa sauti kubwa. Hapo anagundua kwamba mzee huyo hakuwa amenuna hata siku moja. Alikuwa hasikii vizuri.

Kisa hicho ni kifupi, lakini kinaonyesha udhaifu wa neno lenyewe. Sourpuss hutaja kinachoonekana usoni, kisha hukigeuza kuwa tabia ya mtu.

Je, paka anahusika?

"Puss" yenye maana ya paka ni neno tofauti, linalojulikana katika Kiingereza tangu karne ya 16. Inadhaniwa kuwa lilianza kama sauti ya kumwita paka, na maneno yanayofanana nalo yapo katika lugha nyingine, kwa mfano poes ya Kiholanzi. Halina uhusiano na mdomo wa Kieire. Maneno mawili yenye umbo moja na asili mbalimbali huitwa homonimu, kama paa la nyumba na paa wa mwituni katika Kiswahili. Pia kuna neno la kitabibu pus, lenye maana ya usaha, ambalo limetoka katika Kilatini na halihusiani na hayo mawili.

Hata hivyo paka aliingia mapema katika historia ya sourpuss kwa njia ya utani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 studio ya katuni ya Terrytoons ya jimbo la New York iliunda wahusika wawili, bata bukini aitwaye Gandy Goose na mwenzake Sourpuss, na huyo Sourpuss alikuwa paka. Watunzi wake walicheza na maana zote mbili kwa pamoja. Watazamaji ambao hawakuifahamu maana ya uso walibaki na ile ya paka tu.

Miaka mingi baadaye paka mwingine aliipa dhana hii nguvu mpya. Ni paka jike wa jimbo la Arizona aliyejulikana kwa jina la Grumpy Cat, ambaye picha zake zilienea katika intaneti kuanzia mwaka 2012 kwa sababu ya sura yake ya kununa. Alikufa mwaka 2019. Sura hiyo haikuwa na uhusiano na hisia zake. Ilitokana na udumavu wa kimaumbile na jinsi taya lake lilivyokaa.

Tahadhari kuhusu kutafuta asili za maneno

Dhana ya "paka mchachu" ni mfano wa etimolojia ya umma, yaani maelezo yanayotokana na kufanana kwa sauti bila ushahidi wa kihistoria. Kosa hili huwapata hata wataalamu. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, alieleza kuwa neno curmudgeon, lenye maana ya mtu mchoyo na mwenye kinyongo, limetokana na maneno ya Kifaransa coeur méchant, yaani moyo mbaya. Kwa uaminifu akaongeza kwamba maelezo hayo aliyapata kwa mwandishi wa barua asiyejulikana. Mwaka 1775 John Ash alitoa kamusi yake na kunakili habari hiyo bila kuielewa. Akaandika kwamba coeur ni "asiyejulikana" na méchant ni "mwandishi wa barua". Asili ya kweli ya curmudgeon haijulikani hadi leo.

Kwa upande mwingine, kulihusisha kila neno la mitaani na Kieire ni kosa vilevile. Mwaka 2007 Daniel Cassidy alichapisha kitabu kilichodai kwamba sehemu kubwa ya misimu ya Marekani imetoka katika Kieire. Kitabu kilipendwa na wasomaji wengi, lakini wanaisimu walikikosoa kwa sababu misemo mingi ya Kieire iliyotajwa humo haikupatikana katika maandishi wala katika vinywa vya wazungumzaji. "Puss" haimo katika ubishi huo. Umbo linalingana, maana inalingana, wazungumzaji walikuwepo mahali na wakati unaofaa, na neno linaendelea kutumika Eire kwa maana ileile. Hizo ndizo hoja nne ambazo mwanafunzi wa etimolojia anapaswa kuzitafuta kabla ya kukubali asili ya neno lolote.

Maneno yanayokaribiana

Kiingereza kina maneno mengi ya mitaani kwa watu wasio na furaha, na kila moja lina historia yake:

- Killjoy, yaani muua furaha, limekuwepo tangu karne ya 18. Limeundwa kwa kitenzi na nomino, kama chemshabongo katika Kiswahili. Humtaja anayeharibu furaha ya wengine, hata kama yeye mwenyewe hajanuna.
- Wet blanket, yaani blanketi lililolowa, limetokana na desturi ya kuzima moto kwa kuufunika kwa blanketi lenye maji.
- Gloomy Gus lilipata umaarufu kutokana na katuni za magazetini za Frederick Burr Opper mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo Gus ni ndugu wa mhusika mkuu, Happy Hooligan.
- Sad sack lilienezwa na katuni ya George Baker katika gazeti la wanajeshi wa Marekani la Yank, kuanzia mwaka 1942. Humtaja mtu mnyonge anayeandamwa na mikosi.
- Debbie Downer ni mhusika wa kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, aliyeigizwa na Rachel Dratch kuanzia mwaka 2004. Huyu huingiza habari mbaya katika kila mazungumzo.

Katika Kiswahili hakuna neno moja linalolingana na sourpuss kikamilifu. Kisirani humtaja mtu mgomvi au mwenye kuleta nuksi, jambo ambalo ni zito zaidi. Kwa kawaida tunaeleza hali hiyo kwa vitenzi: kununa, kuvuta mdomo, kukunja uso, kupiga ndita. Tofauti hii ina maana yake. Kitenzi husema kwamba mtu amenuna sasa, na huenda kesho akacheka. Nomino husema kwamba ndivyo alivyo.

Matumizi na tahadhari

Sourpuss ni neno la mazungumzo. Halifai katika barua rasmi, insha ya mtihani au ripoti ya kazini. Si tusi zito; mara nyingi hutumiwa kwa utani kati ya ndugu na marafiki, hasa kumchokoza mtoto aliyenuna. Likitumiwa kwa mtu mzima asiyezoeana na msemaji linaweza kuudhi.

Aidha, uso usiochangamka una sababu nyingi ambazo si tabia. Ugonjwa wa Parkinson hukaza misuli ya uso na kupunguza mwendo wake, hata mgonjwa akaonekana kama hajali anapoambiwa habari njema. Wapo wanaozaliwa na ulemavu wa neva za uso na hawawezi kutabasamu kabisa. Wapo wenye uziwi, kama yule mzee wa filamu. Na wapo wenye sonona, ugonjwa wa akili unaotambuliwa pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, kunapodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa wahudumu wa afya; kupewa jina la utani humfanya ajifiche zaidi.

Wahenga walisema kwamba moyo wa mtu ni msitu. Sourpuss, kwa asili yake, ni neno la mdomo na uso. Kuhusu moyo halina habari.

Tazama pia

- Etimolojia
- Kieire
- Kiingereza cha Marekani
- Homonimu
- Misimu
- Sonona